Kiingilio cha Watoto Njiti

Kati ya mwaka 1903 na 1943, mtu aliyeenda kujivinjari Coney Island, ule ufuo wa starehe wa New York, alikuta vibanda vya kila aina: bembea za kutisha, wanasarakasi, wauza soseji. Katikati ya kelele hiyo kulikuwa na mlango mmoja wenye mpiga debe wake, anaita watu waingie waone watoto. Si watoto wa kucheza densi. Ni watoto njiti, waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia, wengine hata kilo moja na nusu hawajafika, wamelazwa ndani ya masanduku ya vioo yenye joto. Kwa miaka mingi kiingilio kilikuwa senti 25.

Mara ya kwanza niliposoma habari hii nilikasirika. Unamwekaje mtoto mgonjwa kwenye maonyesho kama nyani? Halafu nikaendelea kusoma. Wazazi wa wale watoto hawakulipishwa chochote. Mishahara ya wauguzi, maziwa, joto la masanduku, yote yalilipwa na zile senti 25 za watu waliokuja ufuoni kula raha. Hospitali nyingi za wakati huo hazikuwa na mahali pa kumweka mtoto kama huyo, na madaktari wengi walimwona kuwa kiumbe dhaifu ambaye asili ingemaliza shughuli yake yenyewe. Mzazi alibaki na njia mbili: amrudishe mtoto nyumbani angoje, au ampeleke kwenye maonyesho apate kuishi.

Nimekuwa nikiufikiria mlango huo kwa sababu nami nimejiandikisha kukimbia kilomita 10 za kuchangia wodi ya watoto wachanga. Ni mbio ndogo tu. Unalipa kwa simu, unapewa tisheti na namba ya kifuani, kisha unawasumbua marafiki wakuchangie. Nilipotuma ujumbe kwenye grupu yetu ya WhatsApp, wengi walituma mia mbili, mia tano, na vile vikatuni vya mikono inayopiga makofi. Rafiki mmoja, msee wa hesabu, akaandika hivi: "Nitatuma, usijali. Lakini nieleze kitu kimoja. Mimi hukatwa kodi kila mwezi kabla mshahara haujafika kwa mkono. Kwani mtoto kupumua ni kazi ya harambee?"

Sikumjibu siku hiyo. Swali lake ni zuri, na lilihitaji jibu refu kuliko ujumbe wa simu. Jibu lenyewe ndilo hili, na linapitia Paris, Nairobi, Boston na Bogotá kabla ya kufika kwake.

Kwanza nieleze ninakimbilia nani. Mtoto wa dadangu alizaliwa wiki ya 29, akiwa na gramu 1,100. Ukitaka kujua gramu 1,100 ni kitu gani, nenda dukani uinue pakiti ya kilo moja ya sukari, kisha uongeze machungwa nusu. Alilazwa katika nasari ya hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja. Inkubeta ilikuwa moja, watoto ndani yake watatu. Dadangu alikaa huko siku 51, akikamua maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, maziwa yaingie kwa mrija mwembamba puani mwa mtoto. Mchana alikaa kwenye benchi ya mbao nje ya nasari pamoja na akina mama wengine. Alinisimulia kwamba kila asubuhi, kabla mtu hajasalimia mwenzake, walichungulia kwanza kwenye kioo wakahesabu.

Mmoja kati ya wale watatu hakutoka. Usiku huo muuguzi alikuwa peke yake tangu jioni, na nasari ilikuwa imejaa. Mpwa wangu leo ana miaka minne, ananiita Mama Mdogo, na hajui kutembea. Yeye anajua kukimbia tu.

Sasa tuanze na kuku.

Hadithi ya inkubeta inaanzia kwenye bustani ya wanyama ya Paris, ambako kulikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga. Daktari wa uzazi aliyeitwa Stéphane Tarnier aliiona, akawaza: kama sanduku lenye joto linamfaa kifaranga, kwa nini lisimfae binadamu? Mwaka 1880 alimwomba yule mtengenezaji wa mashine za kuku amtengenezee sanduku kubwa la watoto, akaliweka katika hospitali ya uzazi ya Paris. Lilikuwa sanduku la mbao lenye maji moto upande wa chini, basi. Lakini vifo vya watoto wenye uzito wa chini ya gramu 2,000 katika hospitali hiyo vilishuka kutoka asilimia 66 hadi asilimia 38. Hakukuwa na dawa mpya. Ilikuwa joto tu.

Ungedhani kwamba baada ya matokeo kama hayo serikali zote za Ulaya zingekimbilia kununua masanduku. Hazikufanya hivyo. Inkubeta ilikuwa ghali, ilihitaji mtu wa kuiangalia saa 24, na mtoto njiti hakuwa na wa kumsemea. Ndipo akaja Mfaransa mwingine, Alexandre Lion wa mji wa Nice. Miaka ya 1890 alitengeneza inkubeta bora zaidi ya chuma na kioo, na kwa kuwa hakuwa na hazina ya umma ya kuzilipia, alifungua nyumba za watoto njiti katika miji mbalimbali ya Ufaransa na kuwatoza watazamaji sentimu 50. Mzazi hakutoa kitu. Mpita njia ndiye aliyelipa.

Mtu aliyeuchukua mtindo huo akaufanya kazi ya maisha yake ni Martin Couney. Alionekana kwenye maonyesho makubwa ya Berlin mwaka 1896, kisha akahamia Marekani na kuweka vibanda vyake Coney Island. Mwaka 1933 na 1934 alikuwa kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago, akishirikiana na Julius Hess, daktari aliyeandika mojawapo ya vitabu vya kwanza vya Marekani kuhusu watoto njiti. Couney mwenyewe ni kitendawili. Alijiita daktari, lakini wanahistoria waliomchunguza hawakupata ushahidi kwamba alihitimu. Kwa hesabu yake mwenyewe alipokea watoto kama 8,000, akawaokoa kama 6,500. Hata ukipunguza kidogo kwa sababu mfanyabiashara hujisifu, bado ni watu wengi waliokuja kuwa wazee wakiwa na wajukuu. Binti yake mwenyewe alizaliwa njiti, akalelewa kwenye inkubeta, akakua akawa muuguzi kwenye kibanda cha baba.

Alipofunga mlango wake wa Coney Island mwaka 1943, hospitali za New York zilikuwa zimeanza kufungua wodi zao za watoto njiti. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka rafiki yangu alishike. Kwa miaka 40 watu wa mtaani walilipa kiingilio ili kuthibitisha kwamba mtoto huyu anaweza kuishi. Ilipothibitika, ikawa aibu kwa hospitali kutofanya kitu ambacho kibanda cha ufuoni kinafanya.

Msifikiri haya ni mambo ya wazungu wa mbali tu. Hapa Nairobi, hospitali ya uzazi ya Pumwani, ambako wengi wetu au wazazi wetu walizaliwa, ilianzishwa mwaka 1926 kwa juhudi za hisani za Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikikusanya kodi ya nyumba na ya kichwa kutoka kwa Waafrika, lakini mahali pa mwanamke Mwafrika kujifungulia mjini pakaachiwa hisani ya mke wa mkubwa. Tena kwa ubaguzi: Waafrika kwao, Wahindi kwao. Baadaye Pumwani ikawa ya jiji, na leo hakuna anayewaza kwamba iliwahi kuwa mradi wa mama wa hisani. Mchango ulitangulia, wajibu ukafuata nyuma ukichechemea.

Halafu tukapata uhuru, na harambee ikawa wito wa taifa. Neno lenyewe lilikuwa la vibarua wanaovuta mzigo kwa pamoja; Jomo Kenyatta akalifanya wimbo wa serikali mwaka 1963. Shule, zahanati, mabwawa, vyote vilijengwa kwa watu kutoa walichonacho. Kwa hiyo Mkenya anapoombwa achangie hospitali hashangai. Ameshazoea. Labda amezoea kupita kiasi.

Mwaka huohuo wa 1963, mwezi wa nane, miezi minne kabla ya bendera yetu kupandishwa, mke wa Rais John F. Kennedy wa Marekani alijifungua mtoto wa kiume wiki tano na nusu kabla ya wakati. Walimwita Patrick. Alikuwa na kilo 2.1, yaani karibu mara mbili ya mpwa wangu. Alipelekwa haraka hospitali ya watoto ya Boston, akafariki akiwa na umri wa saa 39. Fikiria hapo. Baba ndiye mtu mwenye mamlaka kuliko wote duniani, madaktari wote wa nchi wako tayari, na mtoto anakufa kwa sababu mapafu hayafunguki.

Tatizo lilikuwa limeshapata jina. Mwaka 1959 daktari mwanamke, Mary Ellen Avery, pamoja na mwenzake Jere Mead, walionyesha kwamba mapafu ya watoto hawa yanakosa utelezi fulani unaoitwa surfaktanti. Ile karatasi ya juala, kabla haijapigwa marufuku mwaka 2017, uliwahi kujaribu kuifungua ikiwa imelowa? Kuta zinashikana, unapuliza, zinashikana tena. Ndivyo pafu la mtoto njiti linavyofanya kila anapotoa pumzi. Surfaktanti ndiyo inayozuia kuta zisishikane, na mtoto aliyekuja mapema hajapata muda wa kuitengeneza ya kutosha. Ukikimbia kilomita ya kwanza bila mazoezi unaweza kuonja kidogo, kidogo sana, uzito wa pumzi isiyotaka kuingia. Wewe unaweza kusimama upumzike. Yeye hawezi.

Majibu yalikuja moja moja. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco walieleza jinsi ya kumsukumia mtoto hewa mfululizo ili mapafu yasijifunge. Ndicho kile kifaa cha mirija ya puani ambacho wauguzi wetu hukiita sipapu. Mwaka 1972, kule New Zealand, Liggins na Howie walionyesha kwamba sindano ya steroidi kwa mama aliye karibu kujifungua mapema hukomaza mapafu ya mtoto tumboni. Mwaka 1980 Mjapani Tetsurō Fujiwara alitangaza kwamba amewawekea watoto 10 surfaktanti iliyotoka kwa ng'ombe moja kwa moja mapafuni, na wakapumua. Hospitali ambayo ingempokea Patrick miaka 30 baadaye ingemrudisha nyumbani kwa mamake.

Tafiti hugharimu pesa, na hapa ndipo miguu inapoingia kwenye historia.

Kuna taasisi ya Marekani inayoitwa March of Dimes. Ilianzishwa mwaka 1938 na Rais Franklin Roosevelt, ambaye mwenyewe alikuwa amepoozwa miguu na ugonjwa uliotambuliwa kuwa polio. Watu waliombwa watume sarafu ya senti kumi hadi Ikulu, na sarafu zikamiminika kwa magunia. Pesa hizo zilisaidia kupata chanjo ya polio ya Jonas Salk, iliyotangazwa kuwa salama mwaka 1955. Taasisi ikajikuta na tatizo ambalo mashirika machache hulipata: kazi iliyoanzishwa kuifanya imekwisha. Mwaka 1958 ikageukia afya ya watoto wanaozaliwa. Mwaka 1970 ikaandaa matembezi ya kuchangisha pesa, mtu anaahidiwa kiasi fulani kwa kila maili anayotembea. Matembezi hayo yalienea Marekani nzima, na mwaka 2003 taasisi ilianzisha kampeni maalum ya watoto njiti. Yenyewe inahesabu tiba ya surfaktanti kati ya tafiti ilizozisaidia.

Kwa hiyo ule mtindo wa "nichangie kwa kila kilomita" una umri wa zaidi ya nusu karne. Kilichobadilika ni mlango. Zamani mchangaji aliingia ndani akamwona mtoto. Siku hizi mtoto amefichwa hospitalini, na anayeonekana ni mkimbiaji. Kiingilio ni kilekile.

Kenya, nchi inayojua mbio kuliko kitu kingine chochote, haikuchelewa kuuchukua mtindo huo. Tangu miaka ya 1990 watu wamekuwa wakijitokeza kwa mbio za Mater za kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto. Mbio za Nairobi za Standard Chartered zilianza mwaka 2003 zikichangia kampeni ya kuzuia upofu. Na mwaka 2014 aliyekuwa Mama wa Taifa, Margaret Kenyatta, alianzisha kampeni ya Beyond Zero ya kupunguza vifo vya akina mama na watoto. Mwezi wa tatu mwaka huo kukawa na nusu marathoni hapa Nairobi. Mwezi wa nne akaenda kukimbia marathoni nzima ya London. Alimaliza kwa saa 7 na dakika 4. Watu wengine walicheka, nchi ya Kipchoge hii. Lakini mimi naona saa 7 barabarani ni kazi kubwa kuliko saa 2, na mtu asiye mwanariadha anapojikokota hadi mwisho mbele ya kamera za dunia, hawezi tena kusema hajui akina mama wanakufa. Pesa zilizopatikana zilinunua kliniki tamba, zile lori nyeupe zenye vyumba vya matibabu, lengo likiwa kila kaunti kati ya 47 ipate moja.

Sasa nije kwenye hesabu, maana rafiki yangu ni mtu wa hesabu.

Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonyesha kwamba mwaka 2003, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Kenya, 33 walifariki kabla ya kumaliza siku 28. Utafiti wa 2008 na 2009 ulipata 31. Wa mwaka 2014 ulipata 22, na hapo tulipiga hatua kwelikweli. Wa mwaka 2022 ulipata 21.

Soma tena mbili za mwisho. Kutoka 22 hadi 21, kwa miaka minane. Katika miaka hiyohiyo minane, vifo vya watoto wote wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 52 hadi 41. Yaani tumejifunza kumwokoa mtoto dhidi ya malaria, nimonia na kuhara. Aliyebaki pale pale ni wa mwezi wa kwanza, na kuzaliwa njiti ni kati ya sababu kuu za vifo vya mwezi huo.

Si kwamba mbio hazikufanya kazi. Kliniki tamba humfikia mama mjamzito kijijini, na hilo ni jambo jema. Tena tangu tarehe 1 Juni 2013, serikali ilipoondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, akina mama wengi zaidi walikwenda kujifungulia huko. Wakienda wengi, na njiti wengi wanaozaliwa wanafika nasari wakiwa hai. Na nasari ni ileile. Benchi ileile, inkubeta ileile, muuguzi yuleyule.

Watafiti waliofuatilia wauguzi katika wodi za watoto wachanga za Nairobi waliona kwamba katika hospitali za umma muuguzi mmoja aliangalia karibu watoto 15, ilhali katika za kibinafsi aliangalia kama watatu. Chukua kalamu. Mtoto wa gramu 1,100 anahitaji kulishwa kwa mrija kila baada ya saa tatu. Kumlisha mmoja ipasavyo, ukipima, ukihakikisha mrija uko mahali pake, tuseme ni dakika 10. Watoto 15 ni dakika 150. Zimebaki dakika 30 katika saa tatu za kutoa dawa, kupima joto, kubadilisha nepi, kuangalia oksijeni, kuandika faili na kumweleza mama anayelia. Kisha duru inaanza upya. Huyo mtu akipumzika kwenda msalani, hakuna aliyebaki. Sasa unaelewa ule usiku wa muuguzi mmoja niliokwambia.

Hakuna aliyewahi kukimbia mbio za kumlipa muuguzi wa zamu ya usiku, na sababu naijua. Umati hulipia kinachoonekana. Tangu Coney Island umekuwa hivyo. Inkubeta ina kioo, ina taa, inafunguliwa kwa utepe, inapigwa picha ikiwa na nembo ya mfadhili ubavuni. Mshahara haupigwi picha. Fundi wa kutengeneza ile inkubeta ikiharibika miezi sita baadaye hapigwi picha. Ndiyo maana ukizunguka nyuma ya hospitali zetu nyingi utakuta mashine za msaada zimerundikwa kwenye korido, zinangoja kipuri.

Na wakati mwingine tiba bora haina mashine kabisa. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Colombia, Dakta Edgar Rey alikuwa na hali tunayoijua vizuri: hospitali ya umma, inkubeta chache, watoto wawili watatu ndani ya moja, wanaambukizana maradhi. Akawaambia akina mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wima, wakiwa wamefungwa kwa kitambaa, wakinyonya. Leo tunayaita malezi ya kangaruu, ingawa kwetu tungeweza kuyaita ya leso tu na kila shosho angeelewa. Mwaka 2021 utafiti mkubwa uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba mtoto mdogo anayewekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja atulie kwanza kwenye mashine, ana hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 25. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake kufuata hivyo.

Ukiuangalia utafiti huo kwa makini, utaona siri yake. Ili mama akae na mtoto kifuani mchana kutwa, lazima awe ndani ya wodi. Lazima apate kitanda au kiti cha kuegemea, chakula, choo cha karibu, na muuguzi wa kumwelekeza. Dadangu alikaa siku 51 kwenye benchi ya nje. Kifua kilikuwepo muda wote, kina joto la bure. Kilichokosekana ni nafasi ya kiti kimoja ndani.

Basi jibu langu kwa rafiki yangu ni hili. La, mtoto kupumua si kazi ya harambee. Lakini historia inaonyesha kwamba karibu kila mara harambee ndiyo iliyotangulia, Paris, New York, hata Pumwani, na wajibu wa umma ukafuata pale tu watu waliokuwa wakilipa kiingilio walipokataa kuishia mlangoni. Hatari ni kuzoea. Tukikimbia kila mwaka, tukapiga picha na medali, na serikali ya kaunti ikaona nasari inajiendesha kwa tisheti, haitakuwa na sababu ya kuiweka kwenye bajeti. Mchango unaofungua njia ni mzuri. Mchango unaoziba pengo milele unamfunika mwenye wajibu asionekane.

Kwa hiyo niliwauliza waandaaji wa mbio zetu maswali matatu kabla ya kulipa. Pesa zinanunua nini hasa? Kitu hicho kikiharibika nani atakitengeneza? Na hospitali imeahidi kuweka nini upande wake? Walinijibu mawili vizuri. La tatu wakaniambia bado wanazungumza na kaunti. Nikalipa, nikawaambia nitauliza tena.

Na kuuliza si lazima kuwe kwa mitandaoni tu. Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Sheria inataka kaunti ipeleke karatasi yake ya mikakati ya fedha bungeni kwake kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Mikutano hiyo huwa mitupu, wazee wachache na viti vingi vya plastiki. Wakimbiaji mia mbili waliovaa tisheti za aina moja wakiingia pale na karatasi yenye mistari miwili, idadi ya wauguzi wa nasari usiku na idadi ya viti vya akina mama, mwakilishi wadi gani atajifanya hajaona?

Rafiki yangu alisoma jibu hili kabla sijalichapisha. Alituma shilingi 1,000, yaani mia moja kwa kila kilomita, kisha akauliza mkutano wa bajeti unafanyikia wapi.